Laptopu au kompyuta ya mezani?

Chuo kinakaribia, na leo rafiki yangu kaniachia laptopu yake ya magemu niijaribu.

Gemu lilikwenda vizuri, sikatai. Lakini haikuchukua muda feni zikaanza kuvuma, na pale kwenye kibodi, karibu na herufi W, pakapata moto hadi nikaondoa kidole.

Nikaangalia sifa zake. RTX 4070 (kadi inayochora picha za gemu) ya laptopu ina kumbukumbu ya GB 8, ya mezani GB 12. Jina ni lile lile! Kwa kweli hilo limeniudhi, mnunuzi atajuaje?

Ila ya mezani huiingizi darasani.

Naelekea kuchukua ya mezani, na laptopu nyepesi ya mtumba kwa ajili ya masomo.

Nyie mnaosoma huku mnacheza, mlichagua ipi? Na feni hazisumbui wenzenu maktaba?