Kwani hiki nacho kinakunywa?

Jumapili usiku, 17 Septemba 2023

Tangu saa nne nimejilaza na usingizi hauji. Nikifumba macho namwona kaka pale mbele ya mlango, kikombe cha kahawa mkono mmoja, mkono wa pili anapiga lile bati la mbele la tuktuk, pa, pa, kama mtu anayepigapiga mgongo wa mbuzi mnadani, halafu anauliza, "Kwani hiki nacho kinakunywa?"

Maneno manne tu. Leo siku ya tatu nayageuza na bado yananichoma.

Kaka mnamjua, yule wa Ohio kule Marekani, niliandika habari zake wakati wa msiba wa Baba aliposhindwa kuja kwa sababu ya makaratasi. Basi amekuja Jumanne, miaka kumi na moja hajakanyaga Malindi, na wallahi nilifurahi mpaka nikalia pale uwanja wa ndege mbele za watu. Juma lenyewe limejaa mambo, kazini wamepunguza watu watatu mpaka watalii wa Kitaliano warudi Disemba na mimi nimebaki kwa nusu mshahara, mahari ya mtoto wa mama mdogo imepokelewa Alhamisi, yote hayo ntayaandika siku nyengine. Leo nataka niseme hili moja.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Usiku wake ndio bei mpya za mafuta zimetangazwa, si mnajua kila tarehe 14 tunakaa na simu kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani. Petroli Nairobi imetoka 194.68 mpaka 211.64, yaani shilingi 16 na senti 96 kwa usiku mmoja, huku kwetu inapungua kidogo kwa vile mafuta yanashukia Mombasa lakini kupanda kumepanda vile vile. Mafuta ya taa ndio usiseme, shilingi 33 na senti 13. Mimi nimekaa kibarazani nampigia hesabu mume wangu, Baba Rehema, nkamwambia ukitia lita tano kwa siku basi shilingi 85 zaidi kila siku, siku 26 za kazi hiyo ni elfu mbili na mia mbili, hiyo ni tokeni zetu za umeme na bado. Yeye anafuta kioo. Ndipo kaka akatoka na kikombe chake, akapiga bati, akauliza lile swali lake.

Na Baba Rehema akajibu, "Kinakunywa, shemeji. Kidogo kidogo hivyo hivyo."

Hapo ndipo. Kila nikifika hapo nasimama. Manake tangu tuichukue kwa mkopo 2019, Baba Rehema hajawahi hata siku moja kuiita kitu kingine ila gari. "Nipe kitambaa nifute gari." "Gari inataka tairi ya nyuma." "Rehema, usiegemee gari." Kwake ni gari, imemlipia mtoto karo, imempeleka Mama hospitali saa nane za usiku kwenda na kurudi, gari. Na Ijumaa mbele ya ndugu yangu mwenyewe akachukua ile ki- akaivaa. Kinakunywa. Sikupenda sauti aliyoitumia, ya chini, na alikuwa anatabasamu, na tabasamu ile mimi naijua, ni ile anayompa askari wa barabarani.

Nimejaribu kumtetea kaka kichwani. Nimesema labda ni kwa mapenzi, si tunasema kitoto, kijumba changu, kibibi chetu, ki- nayo ina huruma zake. Nimesema labda miaka kumi na moja ya kusema Kiingereza imemtoa kwenye mizani ya maneno. Halafu nakumbuka ile "nacho". Hiki *nacho*. Kama vile kuna orodha ya vitu vinavyostahiki kunywa mafuta, na hiki nacho kimejipenyeza. Asingesema nacho ningelala.

Halafu jioni baada ya alasiri watoto wakamuuliza mjomba gari yako kubwa kiasi gani. Akawaonyesha picha kwenye simu, hawakuridhika, basi akatoka nao nje mchangani, akavua viatu, akaweka kandambili moja pale kwenye mlango wa jiko la Mama, akahesabu hatua sita ndefu kuelekea kwa jirani, akaweka ya pili. Akapima na upana, mita mbili na chembe, akachora kwa kijiti. Pikapu ya Ford, F-150, aina ile ndio inayouzwa kuliko zote kwao miaka na miaka. Watoto tisa wakaingia ndani ya mchoro wakakaa na nafasi ikabaki. Wakataka kuona tuktuk inaingiaje, Baba Rehema alikuwa amerudi kuswali akaisukuma ndani, ikaingia, na nyuma yake ingeingia nyengine, na ubavuni bado mkokoteni wa maji ungepita. Watoto wanapiga makofi. Mimi niko mlangoni nimeshika ufagio, natazama tuktuk yetu imesimama ndani ya mistari ya gari ambayo haipo, na nikataka kuifagia ile mistari yote.

Usiku nikamtumia voisi dada Zena kule Italia, nkamweleza yote. Yeye hakucheka. Akaniambia yeye anaendesha Fiat Panda, mita tatu na nusu na ushee, na mtaani kwake daktari anaendesha hiyo hiyo na wakili anaendesha hiyo hiyo, manake vichochoro vya mji wao wa zamani ni kama vya Shella yetu, gari pana haipiti, na petroli wanalipa karibu yuro mbili kwa lita, nkapiga hesabu nkaona ni zaidi ya shilingi 300! Akasema hata hiyo miguu mitatu mnayoiona ya Wahindi ilianzia huku, kampuni yao ya Piaggio waliitoa 1948 wakaiita Ape, yaani nyuki, baada ya vita watu hawana hela na kazi zinawangoja. Nimependa sana hilo la nyuki.

Basi nikashindwa kulala nkaanza kusoma. Kaka alisema galoni kwao ni kama dola 3.80 na ananung'unika kweli kweli. Galoni yao ni lita 3.785, kwa hiyo lita ni dola moja tu, kwa dola ya sasa ni shilingi 147 hivi. Yaani mtu wa Ohio mwenye pikapu ya hatua sita anainunua lita kwa bei ya chini kuliko Baba Rehema anayebeba akina mama na ndoo zao za samaki kutoka sokoni mpaka Maweni. Nimeisoma hesabu hiyo mara tatu. Kodi ya serikali yao kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni nzima, haijaguswa tangu 1993, majimbo yanaongeza yao lakini hiyo ya taifa ukiigawa ni kama shilingi saba kwa lita. Sisi tozo ya barabara peke yake ni shilingi 18 kwa lita, kisha kuna nyengine na nyengine, kisha VAT, ambayo wameitoa asilimia 8 wakaipeleka 16 Julai hii hii. Na nikaona kwamba mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje, sababu yake Ulaya walikuwa wamewatoza kuku wao. Ugomvi wa kuku! Kuku wale wameliwa zamani na ushuru upo mpaka leo, ndio maana pikapu ndogo za nje haziingii kule kwa bei ya watu. Wajapani nao wana sheria yao ya gari ndogo, isizidi mita 3.4 urefu na injini ya cc 660, mwenye nayo anapunguziwa kodi, basi mitaa yao imejaa hizo.

Kwa hiyo gari kuwa kubwa au ndogo si tabia ya watu. Ni watu fulani walikaa kwenye chumba wakaamua. Na sisi walioamua ni kina nani? Mimi tarehe 9 Agosti mwaka jana nilisimama kwenye laini ya kupiga kura tangu saa kumi na moja alfajiri, nimeacha mtoto ana homa, kwa sababu niliamini maisha yatashuka bei. Mwezi uliofuata ruzuku ya petroli ikaondolewa, ikatoka 159.12 ikaenda 179.30. Leo 211.64. Shilingi 52 kwa mwaka mmoja. Ndio, najua Saudia wamepunguza uzalishaji, kaka alinieleza, najua shilingi imeanguka kutoka 120 mpaka hapa tulipo. Nakubali. Lakini VAT haikupandishwa na Saudia. Wale tuliowachagua sisi waliinyanyulia mikono.

Na Jumatano hii, kwenye maziko kule Barani, mheshimiwa mmoja alikuja na magari matatu meusi. Yeye akaingia kwenye tanga kutoa pole. Gari la katikati lilibaki juani linanguruma, vioo juu, kiyoyozi kimewashwa, ndani dereva peke yake kalala mdomo wazi. Tulisoma hitima yote, tukala, nikaosha sufuria mbili kubwa pale nje, na gari bado linanguruma, maji ya kiyoyozi yanadondoka tone tone mpaka yakafanya kidimbwi na kuku wakaja kunywa. Hakuna aliyemuuliza mheshimiwa kama lile linakunywa. Hata mimi sikumuuliza. Nilijipangusa mikono nikasema karibu mheshimiwa, Mungu awape subira.

Nadhani hasira yangu kwa kaka sehemu yake ni ya pale.

Jana sasa. Kaka akataka kwenda Mambrui kumzuru shangazi, nkamwambia nitakuitia gari ya kukodi, akasema la, shemeji atatupeleka. Tukaenda watatu, na kilo kumi za mchele wa shangazi miguuni. Kaka ni mtu mrefu, magoti yamemfika kifuani, kashika kile chuma kwa mikono miwili. Tulipofika daraja la Sabaki akamwomba Baba Rehema asimame, akashuka akatazama mto, ule wekundu wake, kimya. Upepo wa kusi unampeperusha shati. Kisha akaanza kuongea hata sijamuuliza. Akasema alipofika kule mara ya kwanza alinunua Corolla, akakaa nayo miaka minne, na siku moja kwenye makutano pikapu ikawaingia ubavuni, mwenyewe anasema hakuwaona, bonet yake iko juu kuliko paa lao. Wifi alilala hospitali siku kumi na tisa. Hayo hatukuwahi kuambiwa! Mama alikuwa anaambiwa wifi ana malaria. "Nikauza kilichobaki," akasema, "nikaenda kukopa kubwa kama yao. Dola 640 kila mwezi, dada, miaka sita. Siipendi. Naogopa tu kumpandisha mke wangu kwenye gari ndogo."

Sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono kama tulipokuwa watoto tunavuka barabara ya Lamu kwenda chuoni. Baba Rehema alikuwa amejiinamia anakaza kitu kwenye gurudumu la mbele na najua hakikuwa kimelegea.

Kurudi tulipita kutia mafuta. Kaka akatoa elfu moja, akampa kijana wa pampu kabla sisi hatujasema lolote. Akasimama akitazama zile tarakimu zinavyokimbia, shilingi zinakimbia na lita zinajikokota, na zilipofika elfu moja lita hazijafika hata tano. Akatazama tena. Akasema, "Hizi ndizo za siku nzima?" Baba Rehema akasema ndio. Akasema, "Subhanallah."

Hakusema samahani. Sijui hata kama anakumbuka alichosema Ijumaa. Na mimi sitamkumbusha, amebakisha siku tano. Lakini Baba Rehema tangu Ijumaa hajaiita jina. Nimemsikiliza makusudi. Leo asubuhi alisema "natoka," jioni akasema "nimeegesha." Gari hakusema, tuktuk hakusema. Nangojea. Kesho ntamwachia kitambaa pale dirishani mahali pake nione ataniitisha vipi.

Mfungo sita umeingia, Maulidi hayo yako mlangoni na kanzu za watoto sijazitoa kwa fundi, elfu moja na mia nne sijui itatoka wapi.

Na kuna jambo jengine, sijamwambia mtu. Mama mnajua anavyopenda chai yake ya moto, ya tangawizi, anainywa mpaka tone la mwisho kisha anageuza kikombe. Siku tatu hizi anaacha nusu. Anakifunika kwa kisahani kama vile atarudia, harudii. Leo nimevikuta viwili nyuma ya pazia, vimepoa, vimefanya utando juu. Nimemuuliza, kasema chai siku hizi chungu. Nimeionja. Haina uchungu wowote.