Daftari la kaunta

Juni imeingia Uyole na baridi yake, ile ya kulala na sweta. Majirani wanaota moto wa mkaa. Kwangu jiko linakaa nje, ndani ya uzio wa mabanzi, na watu wameshachoka kuuliza kwa nini. Mwanangu ana miaka 29 na bado anadondoka kama gunia lililoponyoka mgongoni. Kovu la mkono wake wa kushoto ni la jiko.

Alianza akiwa na miaka minne. Tukaambiwa degedege, tukaambiwa mashetani, na mengine nisiyotaka kuyaandika. Miaka ikapita ndipo daktari bingwa mmoja, baada ya kipimo cha mawimbi ya ubongo, akatupa jina: sindromu ya Lennox-Gastaut. Kifafa cha nadra, kinachomjia mtu mmoja kwa sura nyingi: kudondoka, kuzubaa, kukakamaa usingizini. Dawa hukipunguza, ni mara chache kikaisha. Kabla ya hapo alikuwa anapewa kabamazepini, dawa inayowafaa wengi, ila kwa kifafa hiki inaweza kuzidisha kudondoka. Kwake ilizidisha.

Sasa nina miaka 63. Jumapili tulikaa kikao. La shamba la viazi lilikwisha upesi: nusu ya mavuno ni ya dawa zake, iandikwe kwenye wosia. Mdogo wangu wa Makambako akasema, "Dada, mlete kwangu, chumba kipo." Ana moyo. Nikamuuliza, "Wewe usiku unalala usingizi gani?" Akacheka, akadhani namtania.

Kifafa chake cha usiku hakipigi kelele. Kitanda hulia mara moja tu, kama mtu anayejigeuza. Mimi huwa nimeshaweka mguu chini. Sasa hilo nalirithisha vipi?

Kijana mwenyewe tulimuuliza. Alisema, "Mbuzi wangu wako hapa." Basi.

Nimenunua daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza haukunisumbua: dawa saa ileile, zisiishe ndani, maana kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali. Ukurasa wa pili umenichukua siku mbili. Akikataa chai asubuhi, asiende bombani peke yake. Akimwita mbuzi kwa jina la yule aliyekufa, kaa naye karibu. Usimkemee akimwaga.

Binti yangu mkubwa amerudi kutoka Njombe, analala chumba cha pili. Hakuahidi chochote kwenye kikao, alikuwa anamenya viazi tu.

Jana usiku kitanda kililia. Nilishika blanketi kwa mikono miwili nisiinuke, nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba, nikasikia mlango wa binti yangu, halafu sauti yake, ya chini, "Nipo, kaka. Nipo."

Sikulala tena, lakini sikuinuka.