Siku moja maishani mwangu: besi ya Igogo yavuka kwenda Sengerema

Saa 11:40 alfajiri

Kabla hata sijanawa uso huwa naanza na besi, yale magitaa ya sauti ya chini. Leo ziko tatu chumbani kwangu hapa Nyakato, zimeegemezwa ukuta ulio mbali na dirisha, maana unyevu wa ziwani ukiingia usiku kucha, kisha jua la mchana likafuata, shingo ya mbao haitulii. Nainyanyua moja moja, nafumba jicho moja na kuitazama kwa urefu kama seremala anavyokagua ubao. Moja imepinda kidogo tangu juzi. Nimezungusha chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, nikaiacha. Ukikaza kwa pupa kinakatika, na chuma kikishakatikia humo ndani, gitaa zima limekuwa kuni.

Mimi ni mpiga besi. Jumapili napiga kanisani, Jumamosi usiku napiga na bendi, siku zilizobaki nanunua, nabadilishana na kuuza besi, amplifaya na waya zake. Sina duka. Wateja wangu ni wapiga besi wenzangu wa Mwanza, na wengine wachache wa Magu, Sengerema, Geita na Ukerewe. Hatuko wengi, kwa hiyo besi ninayoiuza nitaisikia tena: kwenye mkutano wa injili pale viwanja vya Furahisha, kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa kwaya. Nikimuuzia mtu ubovu, ubovu huo utakuja kulia mbele yangu kwa spika kubwa, na aliyeshika gitaa atakuwa ananitazama.

Saa 1:15 asubuhi

Niko kwenye daladala kwenda mjini, nimepakata begi lenye besi ya nyuzi tano. Kijana wa Sengerema ameandika: "Kaka, ile ya nyuzi tano bado ipo? Nakuja leo." Nimemwambia tukutane Mkuyuni saa 9. Zamani mteja wa ng'ambo alikuwa anasema "nikiwahi kivuko", na siku nyingine hakuwahi, huku mimi nimeshamkatalia mtu mwingine. Tangu daraja la Kigongo–Busisi la kwenda Sengerema lifunguliwe Juni 2025, zile kilometa 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache, na mtu akisema anakuja anafika.

Saa 2:30 asubuhi

Igogo. Napanda ngazi kati ya majabali hadi nyumba ya mzee mmoja ambaye nimeelekezwa na mpiga drums wetu. Alipiga besi kwenye bendi za dansi miaka mingi. Sasa vidole vina ganzi na anataka kuuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kunywa chai kwanza, gitaa halikimbii."

Nimekunywa. Hapo hakuna kuharakisha. Mtu anayeuza besi aliyokaa nayo miaka karibu 30 hauzi kama anayeuza simu. Alipoitoa kwenye sanduku lake, ilikuwa imefungwa kitenge, na kichwani imeandikwa Fender Jazz Bass, jina la besi maarufu ya kampuni ya Fender.

"Laki 9," akasema. "Jina unaliona mwenyewe."

Nikaomba niipige bila kuchomeka popote. Hivi ndivyo ninavyopima siku zote, na kila anayeanza kununua besi namwomba afanye hivyo. Amplifaya inaficha mengi. Besi ikiwa mikononi tu, kifua chako kikiwa kimegusa mbao, unasikia kila noti inaishi muda gani. Nikapanda freti moja moja, vile vyuma vinavyokatiza shingo, kwenye nyuzi zote nne. Kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, kati ya freti ya 5 na ya 7, kuna mahali sauti inakufa mapema kidogo. Besi nyingi za umbo hili ziko hivyo, shingo inanyonya mtetemo mahali hapo, na hilo halinitishi. Kisha nikabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikaangalia nafasi iliyobaki karibu na freti ya 7. Vocha ya simu ilipita kwa kugusagusa. Shingo nzuri kabisa. Mwisho nikagusa uzi juu ya freti ya 12 ulie kama kengele, nikabonyeza freti hiyohiyo, nikalinganisha sauti mbili. Tatu sawa, mmoja umepanda nywele tu.

Nikapenda. Sauti yake ni nzito na ina joto, na shingo imelainika kwa kiganja cha mtu mmoja kwa miaka yote hiyo.

Shida ilikuwa lile jina. Jazz Bass imetengenezwa na Fender tangu 1960, na alama yake mojawapo ni shingo nyembamba kule juu nyuzi zinapoanzia: milimita 38 hivi. Nikatoa rula yangu ya shule. Hii ilikuwa 42. Hilo peke yake halitoshi, kwa hiyo nikaomba ruhusa nifungue kibati cha volyumu. Ndani ya tundu mbao ilikuwa ya matabaka, plaiwudi. Jazz Bass yenye jina kama lile hukatwa kwenye mti mzima, mara nyingi aina ya alder au ash. Na zile herufi za kichwani zilikuwa stika, kona moja imeanza kunyanyuka.

Nilikaa kimya muda. Ningeweza kumwambia "mzee, laki 9 ni nyingi", nikavuta bei mpaka nipendapo, nikaondoka na stika yangu kwenda kuiuza kwa bei ya jina. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa hivyo nikiwa naanza, hela ya mavuno ya pamba ya nyumbani ikaishia kwenye maandishi, na bado naumia nikikumbuka.

"Mzee wangu, naomba niseme jambo, na unisamehe."

Nikamwonyesha rula, nikamwonyesha matabaka, nikamwonyesha kona ya stika. Aliinamia lile tundu kwa miwani yake, akalitazama muda mrefu.

"Nililipa ng'ombe wanne," akasema. "Mwaka 1996."

Sikuwa na la kujibu. Baadaye nikamwambia kitu ambacho nakiamini: aliyemdanganya alimdanganya jina, sauti hakuidanganya. Plaiwudi haipindi ovyo kwa unyevu wetu wa ziwa, shingo iko safi, na vijana wawili watatu ninaowajua wangefurahi nayo. Nikataja laki 4. Akataja laki 5. Tukamalizana kwa 430,000, nikamtumia kwa simu palepale, na akanionyesha ujumbe umeingia.

Nikamwuliza kuhusu stika. Akatazama kwanza nje, kule ziwa linakoonekana kati ya mapaa ya mabati.

"Ibandue. Asije mtu mwingine akalipia ng'ombe."

Kabla sijaondoka tuliichomeka kwenye kiamplifaya chake kidogo. Volyumu inakwaruza kama redio yenye vumbi, na kuna muungurumo. Nikagusa nyuzi, muungurumo uleule. Nikagusa chuma cha jeki, ukapungua. Hapo nikajua waya wa ardhi unaokwenda kwenye daraja la nyuzi, kile chuma zinakofungwa nyuzi mwilini mwa gitaa, umekatika. Dawa yake ni ya dakika kumi, na muuzaji asiyejua hili hupoteza hata laki nzima kwa sababu mnunuzi ametishwa na kelele.

Saa 5:00 asubuhi

Makoroboi, kwa fundi wangu wa redio. Ana mkono mwepesi, ila lazima nikae naye. Leo alitaka kunifungia volyumu ya K 10, yaani kilo-ohm 10 za ukinzani wa umeme, aliyoitoa kwenye redio kuukuu: "Inazunguka vizuri, utaipenda." Nikamkatalia kwa upole. Besi ya sumaku za aina hii, zile tunazoziita pikapu, zinazonasa mtetemo wa nyuzi, inataka K 250 yenye herufi A, yaani iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti. Ukiweka ndogo hivyo, inameza ukali wote wa sauti na nguvu yake, gitaa linabaki linanung'unika kama mtu aliyejifunika blanketi. Tumetafuta kwenye makopo yake yote mpaka tukapata mbili. Akaziunga, akarudisha waya wa ardhi chini ya daraja, akapasha stika joto kwa kile chuma chake cha kuchomea, bila kukigusisha, ikatoka yote. Imebaki alama nyeupe kidogo. Nimemlipa 15,000, na nyuzi mpya 45,000 nilikuwa nazo begini.

Nikachomeka tena. Besi ya umbo hili ina sumaku mbili, na kila moja imesukwa kinyume cha mwenzake, hivyo ukifungua volyumu zote mbili hadi mwisho, mngurumo wa umeme unajifuta wenyewe. Ukipunguza moja unarudi kidogo. Nimemweleza fundi hilo, amefungua na kufunga volyumu mara tano akicheka kwa furaha.

Saa 7:20 mchana

Ugali na sato wa kukaanga, chapuchapu. Nimepokea simu ya kijana wa kwaya moja: amplifaya yao imetoa moshi. Namuuliza walichomeka spika ngapi. Tatu, zote za ohm 8, kwa kuunganisha sambamba. Ohm zikipungua, mzigo wa amplifaya unaongezeka. Mbili zinakuwa ohm 4, na amplifaya ile imeandikwa nyuma kwamba isishuke chini ya 4. Ya tatu imeshusha hadi chini ya 3, ndiyo imeua. Nimemwelekeza kwa fundi. Natamani kila kanisa lingebandika hizi hesabu ukutani karibu na mikseri.

Saa 9:10 alasiri

Mkuyuni, chumba cha mazoezi ya bendi. Kijana wa Sengerema kafika na vumbi la safari, ameshuka stendi ya Nyegezi akachukua bodaboda. Ana umri wa miaka 22 hivi, mnyamavu. Nimempa ya nyuzi tano kwanza, maana ndiyo aliyoifuata. Bei yake 850,000.

Alipiga vizuri, lakini uzi wa tano hakuugusa. Nikamuuliza kanisani kwao wana spika gani. Mbili za inchi 12, za kuhubiria. Nikamweleza: uzi wa tano ukiachwa wazi unatetemeka mara 31 kwa sekunde, wakati uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ni mara 41. Spika ya kuhubiria hata hiyo 41 inaipata kwa taabu. Ile 31 ataisikia yeye kwenye mbao, waumini wataona tu karatasi ya spika inacheza. Kwa nini alipie uzi ambao kanisa lake haliwezi kuusikia?

Nikampa ya Igogo.

Akaigeuza, akaona alama nyeupe kichwani. "Kaka, hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na jina la uongo. Tumelitoa."

"Kwa hiyo si orijino?"

"Si ile iliyoandikwa. Ni besi ya plaiwudi, haijulikani imetoka kiwanda gani. Ipige."

Uso ulimshuka. Niliona, na nilimwelewa. Kijana anayesafiri na akiba yake anataka kurudi na jina. Nikamwacha, nikajifanya napanga waya. Akaanza na mdundo wa kwaya, ule wa taratibu, mkono wa kulia ukikaa juu ya sumaku ya nyuma. Baada ya kama dakika mbili akafumba macho. Akahamia kwenye sebene, dole gumba na kidole cha shahada vinapokezana, na kile chumba cha matofali kikajaa sauti ya chini iliyotulia, ya duara, isiyovimba. Nikachukua simu nikarekodi.

Alipomaliza hakuuliza tena kuhusu jina. Aliuliza bei. Nilitaja laki 6 na nikamwonyesha ukweli wote: nilikoitoa, kilichotengenezwa, mahali sauti inapofifia kwenye uzi wa kwanza. Akaniomba 520,000. Tumekutana 560,000, na waya wa mita 6 nimemwongezea bure. Faida yangu ni 70,000. Kwenye ile ya nyuzi tano ningepata zaidi ya mara mbili, na inarudi Nyakato mgongoni mwangu ikimsubiri mtu mwenye spika zake.

Nimemsindikiza hadi barabarani. Aliipakata besi mbele, kifuani, bodaboda ikaondoka.

Saa 3:00 usiku

Bendi. Watu wengi, joto jingi, umeme umekatika mara moja na kurudi. Ukumbi hauna waya wa ardhi, na mwimbaji alipigwa shoti mdomoni alipogusa maiki huku ameshika gitaa langu. Tumesimamisha hadi tukahamisha amplifaya kwenye soketi moja na mikseri. Sikubali kuendelea hivyo hata mwenye ukumbi akinuna.

Saa 6:30 usiku

Nyumbani, miguu ndani ya beseni. Nimemtumia mzee ile sauti niliyorekodi Mkuyuni, na maneno machache: besi yako imelala Sengerema leo, kwa kijana wa kwaya, jina tumeliondoa kama ulivyosema. Nilidhani amelala. Baada ya dakika kumi akajibu kwa sauti, akikohoa kwanza.

"Mwanangu, nimesikia. Mkono wake mzuri. Ila mwambie uzi wa tatu uko juu kidogo, autelemshe."

Nimerudia kusikiliza, simu sikioni. Uko juu kweli. Nimemwandikia kijana sasa hivi, aone kabla ya ibada.