Siku moja kazini Chake Chake: kupima mwili unavyojihisi kwa simu na ndoo

Saa 1:15 asubuhi

Chumba cha utengamao, yaani tiba ya kurudisha viungo kazini, bado kitupu. Simu na kishikwambi vinatolewa kwenye chaji na kuwekwa hali ya ndege, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp ukiingia katikati ya kipimo, muda wa majibu umeharibika. Mwangaza wa kioo unafungwa kwenye nusu. Kava lenye uvimbe nyuma linavuliwa.

Kisha programu ya kupima pembe. Simu inalazwa mezani, inasomwa, inageuzwa nusu duara palepale, inasomwa tena. Ikitoa 1 halafu −1, meza ndiyo imeinama. Ikitoa 1 na 1, kosa ni la simu, isawazishwe kabla mgonjwa hajaingia.

Saa 2:00

Wagonjwa wa kiharusi ndio wa mwanzo. Waliokuja na gari kutoka Konde au Mkoani wanapumzika dakika 10 kwanza, kwani kizunguzungu cha safari huingia kwenye namba.

Kifaa cha kupima kama macho yanaijua wima ni ndoo ya rangi ya lita 20, imepakwa nyeusi kwa ndani. Kwenye kitako, ndani, umebandikwa utepe mmoja mweupe unaopita katikati. Kwa nje imebandikwa simu, ukingo wake ukiwa sambamba na utepe ule. Mgonjwa anaingiza uso mdomoni mwa ndoo asione ukuta wala mlango. "Mama, mstari ukisimama wima niambie basi." Ndoo inazungushwa polepole, mara kutoka kulia, mara kutoka kushoto, jumla mara 10. Asiye na tatizo hukosea digrii 2 au 3 tu. Mkono wa ndoo lazima ung'olewe: ukiachwa unaning'inia kufuata chini, na mgonjwa anapata jibu hapo. Kichwa nacho kishikwe wima, kikiinama kipimo kinainama nacho.

Wapo ambao ndoo inawatoa safi, lakini wakikaa ukingoni mwa kitanda wanajisukuma kuelekea upande uliopooza, na ukiwarekebisha wanaogopa kwamba unawaangusha. Karnath na wenzake wa Ujerumani walionyesha mwaka 2000 kwamba wagonjwa hawa hujihisi wima mwili ukiwa umeinama takriban digrii 18 kuelekea upande wa ubongo ulioumia, ilhali macho yao bado yanaijua wima. Ndiyo sababu nakithamini kipimo hiki cha bei ya ndoo: kinaniambia nipitie machoni. Fremu ya mlango, nguzo ya baraza, mgonjwa ajilinganishe navyo mwenyewe. Kumvuta kwa nguvu arudi katikati kunamzidishia kusukuma.

Saa 4:00

Magoti. Mgonjwa anakaa, miguu haigusi chini, macho yamefungwa kwa kitambaa. Simu inafungwa kwa bendeji ya krepu mbele ya muundi. Naunyanyua mguu hadi digrii 45, nauacha hapo sekunde 5, naushusha, kisha anaurudisha mwenyewe pale anapodhani palikuwa. Mara tatu kila mguu.

Kosa la wengi liko kwenye hesabu. Aliyepitiliza digrii 6 mara moja na kupungukiwa 6 mara ya pili, ukijumlisha pamoja na alama (+6 na −6) unapata sifuri, na goti linaonekana zima. Wastani uchukuliwe wa ukubwa wa makosa bila alama. Na kipimo kifanyike mguu ukipanda na kushuka tu: kwa mzunguko wa ubapa, yaani sambamba na sakafu, kihisi cha mvutano wa dunia hakioni kitu, na dira ya simu hupotoshwa na kitanda cha chuma.

Saa 4:45

Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Msimu wa karafuu huleta walioanguka mikarafuuni. Mfupa wa kifundo cha mkono umeunga, plasta imetoka, lakini mkono umevimba, unawaka, na mwenyewe anauzungumzia kama si wake.

Kishikwambi kinaonyesha picha ya mkono mmoja, umegeuzwa huku na huku. Wa kulia au wa kushoto? Anajibu bila kuusogeza wake wala kuutazama. Ili ajibu, ubongo huuzungusha mkono wake kimawazo mpaka ulingane na wa pichani. Ndiyo maana mkao mgumu humchelewesha hata asiyeumwa. Raundi ni picha 40, 20 kila upande, si zaidi ya sekunde 5 kwa picha. Mwongozo ni majibu sahihi asilimia 80 na kuendelea, sekunde 2 hivi kwa picha. Mimi natazama kwanza tofauti ya pande mbili. Mzee anayejibu kwa sekunde 3 pande zote hanitii wasiwasi. Anayejibu kwa 1.9 mkono mzima na 2.9 mkono unaouma, huyo ndiye wa kufuatilia.

Picha zinafaa ziwe za mikono ya watu wetu: ikichambua karafuu, ikikuna nazi juu ya mbuzi. Picha moja inapinduliwa kama kwenye kioo, iwe ya kulia na ya kushoto, ndipo ugumu unalingana. Pete na saa zivuliwe, la sivyo mgonjwa anakisia kwa alama. Majibu ni kwa sauti, mimi nabonyeza: kidole kinachouma, au chenye mafuta ya nazi, huchelewesha upande mmoja, lakini kuchelewa kwangu kunaziangukia pande zote sawa.

Wengine huumia kwa kutazama tu. Maumivu yakipanda, tunasita. Ratiba aliyoijaribu Moseley wa Australia mwaka 2004 huanza na picha hizi, kisha kuuwazia mwendo, kisha kioo cha kujitazama, ambamo mkono mzima huonekana mahali pa unaouma, na sioni busara ya kurukia kioo kwa haraka.

Saa 7:15 mchana

Baada ya swala, migongo na waliokatwa miguu. Mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu anachora kwenye kishikwambi mpaka wa mgongo wake anavyouhisi, bila kujipapasa, na asipopahisi aache wazi. Hakuna anayevua buibui wala kupigwa picha. Aliyekatwa mguu anaonyesha mguu usiokuwepo unaishia wapi. Wengine wanauhisi mfupi, nyayo imekaribia kigutu.

Saa 9:00

Kumbukumbu. Faili lina nambari, si jina, na michoro haitumwi kwenye kundi lolote. Kando ya kila matokeo: kifaa kipi, alikaa au alisimama, alijibu kwa sauti au kidole, dawa ya maumivu aliinywa saa ngapi. Simu mbili hazina kasi moja ya kioo, kwa hiyo matokeo yake hayachorwi kwenye grafu moja. Anayetumia simu ya mwanawe nyumbani hupewa picha za dakika 5, mara kadhaa kwa siku, kama zoezi tu. Kipimo chake kinangoja kishikwambi kilekile cha hapa.