Yuda wa Isabela

Abiria wa visiwa vya Galápagos tulikuwa na foleni yetu pale uwanja wa ndege wa Guayaquil, Ekuador. Begi linapitishwa kwenye mashine, linasakwa mbegu, matunda na udongo, kisha linafungwa lakiri ya plastiki. Kabla ya kutua kisiwa cha Baltra, wahudumu wakafungua makabati ya juu na kupuliza dawa ya wadudu. Jirani yangu alijifunika skafu puani, akanung'unika hadi tulipogusa ardhi.

Tangu 2012 serikali ya Ekuador ina wakala maalumu wa kazi hii ya kuzuia mimea na wadudu wa kigeni, na ukipanda nyanda za juu za kisiwa cha Santa Cruz unaelewa sababu. Pale Los Gemelos tuliteremka kuona msitu wa Scalesia, miti ya asili ya visiwa hivi tu. Chini yake mora, kichaka kilicholetwa kwa ajili ya matunda yake, kimesokotana hata ardhi haionekani. Nilishika shina moja. Miiba yake imepinda kama kucha za paka. Wafanyakazi wa hifadhi hufyeka na kupiga dawa, lakini mbegu zilizolala udongoni huchipua upya, na ndege nao wanazisambaza.

Kisiwa cha Isabela nilifika kwa boti ya kasi, nikiwa nimetapika vya kutosha. Kisa cha mbuzi ndicho kilichonipeleka huko. Mabaharia wa zamani waliwaacha mbuzi visiwani wawe akiba ya nyama, nao wakazaana na kutafuna kila kijani, hadi kobe wakubwa wa volkano ya Alcedo wakakosa malisho na kivuli. Kati ya 1997 na 2006, Hifadhi ya Taifa ikishirikiana na Wakfu wa Charles Darwin iliua zaidi ya mbuzi 100,000 katika kaskazini mwa Isabela na kisiwa cha Santiago, wakiwemo wengi waliopigwa risasi kutoka kwenye helikopta. Mizoga iliachwa palepale.

Kazi ngumu ilikuwa kwa wachache waliobaki, maana walishajua kujificha wakisikia injini. Ndipo akaingia mbuzi Yuda. Anakamatwa, anavishwa kola yenye redio, anaachiwa. Mbuzi hapendi upweke, atawatafuta wenzake tu. Wawindaji wanafuata mawimbi ya redio, wanamaliza kundi zima, wanambakiza yeye ili akatafute jingine. Majike walifungwa uzazi, wakapewa homoni za kuwavuta madume.

Mwongozaji alisimulia haya bila kupepesa jicho. Nakubali kobe hawakuwa na njia nyingine, ila huruma yangu yote ilibaki kwa Yuda.

Mradi ulipofungwa, kuna watu waliorudisha mbuzi wachache makusudi, walinzi ikabidi waanze tena kuwinda. Kusini mwa Isabela, kwenye watu na mashamba, helikopta hazikupewa kazi hiyo. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni shingo ya Perry, uwanda wa lava kavu ambao mbuzi walishawahi kuuvuka kwa miguu yao wenyewe.