Nakshi ya Royal Charles

Ghorofa ya pili ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la taifa la Uholanzi, umati wote unaelekea kwenye picha za mchoraji Rembrandt. Mimi kilichonitoa nyumbani hadi Amsterdam ni ubao uliochongwa, nakshi iliyokuwa tezini, yaani nyuma, mwa Royal Charles, manowari ya Waingereza iliyotekwa na Waholanzi mwaka 1667. Nimekulia Tanga, na habari za vyombo vya baharini hazijawahi kunichosha.

Nakshi yenyewe ni kubwa kuliko picha zake zinavyoonyesha. Upande mmoja yuko simba, wa pili farasi mwenye pembe moja, na katikati yao ngao ya kifalme. Sogea karibu utazame kazi ya patasi. Manyoya ya shingoni mwa simba yamechongwa kwa mafungu mazito, yakatokeza mbele ya ubao, maana kazi hii haikukusudiwa mtu anayeitazama kwa karibu kama mimi. Ilikusudiwa adui aliye kwenye chombo kingine, aone anapigana na mfalme gani.

Chombo hicho kiliundwa mwaka 1655, enzi za Cromwell, aliyeitawala Uingereza ilipokuwa haina mfalme, kikaitwa Naseby. Mwaka 1660 ndicho kilichomrudisha mfalme Charles wa Pili kutoka uhamishoni Uholanzi, jina likabadilishwa kwa heshima yake. Miaka saba baadaye mfalme hazina yake ilikuwa tupu. Merikebu kubwa zikaegeshwa kwenye mto Medway, Uingereza, bila mabaharia wa kutosha, na waliokuwepo mishahara yao ilikuwa imelimbikizwa. Wengine walishahamia upande wa Waholanzi. Mwezi Juni admirali Michiel de Ruyter akatuma vyombo vyake vikapanda mto, vikaupita mnyororo uliozuia njia pale Gillingham, vikachoma merikebu kadhaa na kuikokota Royal Charles hadi bandari ya Hellevoetsluis, Uholanzi. Huko watu walikwenda kuitazama, jambo lililomuudhi sana Charles. Lakini ilihitaji kina kirefu mno kwa maji ya Uholanzi, haikuwafaa kwa vita. Mwaka 1673 iliuzwa ikavunjwa, nakshi ikahifadhiwa.

Habari hiyo huelezwa kwa fahari, na ujasiri wa waliopanda ule mto siubishi. Ila vita vyenyewe vilianzia wapi?

Shemeji yangu, ambaye ameishi Uholanzi muda mrefu, aliponiona sibanduki pale akaniuliza, “Shemeji, kuna nini hapo?” Nikamwambia hapo kuna Afrika. Mwaka 1664 Mwingereza Robert Holmes, akiitumikia kampuni ya biashara ya Afrika iliyoongozwa na mdogo wake mfalme, James, aliwanyang'anya Waholanzi kisiwa cha Gorée, Senegal, na ngome ya Cape Coast, katika Ghana ya leo. De Ruyter akatumwa kulipiza. Akairudisha Gorée, na mapema mwaka 1665 akaiteka ngome ya Waingereza ya Kormantin. Waligombea dhahabu, pembe za ndovu, na watu wa kuuzwa ng'ambo. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo kubwa ya vita vilivyomfikisha De Ruyter Medway. Shemeji alikuwa hajawahi kuelezwa hivyo, na amepita mbele ya ubao ule mara nyingi.

Tulipanda tramu namba 2 hadi uwanja wa Dam, tukaingia kanisa la Nieuwe Kerk. De Ruyter amezikwa mahali palipokuwa na madhabahu kuu. Kaburi ni la marumaru, kazi ya Rombout Verhulst, lililokamilika mwaka 1681. Admirali amelala chali, kichwa kimeegemea mzinga, na nyuma yake vita vya baharini vimechongwa ndani ya jiwe. Nimeona michongo mingi ya vita na huu ni wa fundi hasa. Hata hivyo nilitafuta kama kuna kitu chochote cha kuonyesha pwani ya Guinea, yaani ile ya Afrika Magharibi, ambako mtu huyu alipigana kwa miezi kadhaa, sikukiona.

Amani ilitiwa saini Breda, Uholanzi, tarehe 31 Julai 1667. Waingereza wakabaki na New York na Cape Coast. Waholanzi wakabaki na Suriname, Amerika ya Kusini, na Kormantin, wakaiita Fort Amsterdam. Watu waliouzwa katika ngome za Waholanzi za pwani ile walipelekwa kwa maelfu kulima miwa Suriname, na ndugu zao wengine wakapakiwa Cape Coast kwenda visiwa vya Waingereza vya Karibi. Ningekuwa na sauti Rijksmuseum, ningetundika ramani ya pwani hiyo kando ya simba, kubwa sawa naye, majina ya ngome yote yakiwa yameandikwa. Kormantin bado ipo, pale Abandze, Ghana, juu ya kilima kinachotazama bahari, na nauli ya kwenda huko nimeshaanza kuiweka.