Namba iliyotazama mbinguni

Jumapili, baada ya alasiri

Leo nimemaliza kuirudisha namba ya pikipiki mahali pa kuonekana. Ni kazi ya saa moja, nami imenila wiki tatu. Mara ya kwanza niliifanya vibaya. Mara ya pili niliifanya vizuri sana, na hapo ndipo palipokuwa na kosa.

Chanzo ni madigadi ya nyuma, ile plastiki ndefu iliyobeba namba na indiketa zote mbili. Kreti za mikate nazipeleka kila alfajiri kutoka Changamwe hadi Jomvu, hapa Mombasa, na matuta ya njia ile anayajua anayeyapanda. Plastiki ikapata ufa pale penye bolti. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari alinifundisha kutoboa kijitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, maana ufa hukimbia kwa ile ncha yake kali, ukikuta duara huchoka. Ulichoka siku nne. Siku ya tano ukaamka upande wa pili.

Bei ya madigadi mpya niliiuliza, nikashukuru kwa adabu, nikaondoka.

Nyumbani palikuwa na engo ya alumini, ile pau yenye umbo la L, iliyobaki tulipobadilisha dirisha la jikoni. Nikaikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma, nikalainisha kingo kwa tupa, nikaazima drili ya jirani. Ule mkia wote wa plastiki nikaukata, indiketa nikazifunga kwenye keria, namba nikaipandisha juu chini ya kiti. Mpwa wangu akaizunguka mara mbili mikono kiunoni. "Ami, sasa ndiyo imekuwa pikipiki!" Nami nikavimba kichwa. Kweli ilipendeza, kwa nyuma nyepesi kama ya mashindano.

Jioni ile nikaenda Majengo kumchukua mama. Hatujafika Makupa, kwenye tuta la kwanza, nyuma kukasikika *krrrr*. Mama akasema, "Mwanangu, kuna kitu chalia." Tairi lilikuwa limeilamba namba kwa chini na kuikunja pembe.

Nafasi nilikuwa nimeipima, tena kwa makini, vidole vinne. Lakini niliipima pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, gurudumu likining'inia hewani na springi zimenyooka. Abiria akikaa springi hushuka, na kwenye tuta hushuka zaidi. Vile vidole vinne vilikuwa vya pikipiki isiyobeba mtu, na yangu haijawahi kukaa bure.

Badala ya kuishusha namba, nikaikunjua pembe, nikazikunja zile engo kwa juu mpaka namba ikalala chali chini ya mkia, herufi zinatazama mbinguni. Tairi haliifikii. Haitikisiki. Kazi safi kabisa, isipokuwa aliye nyuma hasomi chochote. Hilo nililiona, nami sitasema hapa kwamba sikuliona. Nilijiambia ni kwa muda tu.

Wiki mbili hizo nilijifunza jambo kuhusu nafsi yangu. Leseni ninayo, bima ninayo, pikipiki ni yangu kwa jina langu. Lakini nikiona kizuizi cha askari kwa mbali, mkono wenyewe unapinda kuingia uchochoroni. Nakwepa nini? Nikifika Jomvu nimechelewa, mikate imepoa, mwenye duka ananitazama.

Kisha ikaja Alhamisi. Nilikuwa Mji wa Kale, njia nyembamba, nikapunguza mwendo ili nimpishe bibi mmoja aliyevaa buibui. Akanitazama, akatazama nyuma ya pikipiki, akaubana mkoba kifuani na kujibandika ukutani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia mpaka nilipozima injini na kuvua kofia. "Marahaba. N'samehe, mwanangu. N'lidhani wee ni wale."

Wale. Hapa Mombasa huhitaji kuuliza ni wepi. Anayepora simu au mkoba kwa pikipiki huanza kwa kukunja namba, na bibi yule amejifunza kutazama namba kabla ya uso. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, nayo inataka namba ifungwe na isomeke, lakini si sheria iliyonikosesha usingizi usiku ule. Ni ule mkoba.

Basi leo nimeanza upya. Engo nimezinyoosha na kuzisogeza nyuma, mpaka zikavuka duara la tairi, namba ikakaa chini ya taa ya breki, imesimama, imeinama kidogo tu. Alumini iliyokunjwa ikanyooshwa haiaminiki tena, kwa hiyo penye kikunjo nimeongeza kipande cha pili kwa nyuma. Kila mahali alumini inapogusana na chuma nimeweka wosha, kipete cha mpira nilichokata kwenye tyubu kuukuu. Kwa hewa yetu ya chumvi, metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe halafu bolti inacheza. Mpira huo huo unapunguza mtetemo wa injini na wa matuta, ambao ndio uliopasua plastiki tangu mwanzo. Nati nimetumia zile zenye pete ya naironi ndani, hazilegei. Taa ndogo ya kumulika namba usiku nimeiunganisha na waya wa taa ya nyuma. Nati, bolti na taa, jumla Sh 380. Alumini bure, tyubu bure, drili nimeirudisha na mkate mmoja.

Safari hii kipimo kimekuwa kingine. Nimewaita majirani wawili wanene (wamekubali kuitwa hivyo kwa ahadi ya chai), wakapanda pamoja na kurukaruka, mimi nimelala chini natazama tairi. Vidole viwili vimebaki. Vinatosha. Mpwa wangu ametazama tu, akasema sasa inafanana na ya mzee. Ni ya mzee.

Mwisho nikamwambia mwanangu asimame nyuma ya pikipiki, aanze kurudi kinyumenyume huku akisoma kwa sauti. Akasoma herufi na tarakimu zote, akarudi, akasoma, akarudi, akasoma. Halafu akanyamaza. Nikamuuliza, huoni? "Naona, baba. Lakini nimefika kwenye mtaro."